Kabla Noti Hazijawekwa Mezani

Juni 2025 Mfalme Charles alimtunuku Billy Boston cheo cha Sir. Boston alikuwa na miaka 90, na hakuna mchezaji wa raga ya watu 13 aliyewahi kupewa heshima hiyo kabla yake, ingawa mchezo wenyewe ulikuwa unakaribia kutimiza miaka 130. Magazeti ya Uingereza yalijaa hesabu zake: trai 571 katika maisha yote ya uchezaji, 478 kati ya hizo akiwa na Wigan, klabu ya kaskazini mwa Uingereza. Hesabu hizo hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu ni na sura ya kwanza ya habari yake, ile ambayo waandishi huipitia mbiombio ili wawahi kwenye mataji.

Sura hiyo husimuliwa hivi: kijana wa Cardiff aliota kuichezea Wales, watu wa kaskazini wakaja na fedha, kijana akazichukua akaondoka. Katika masimulizi haya mwenye kosa ni fedha. Wales ikabaki mfiwa, Wigan ikawa mwizi, na kijana mwenyewe akaonekana mtu aliyeshindwa kuvumilia. Sisi tunasema mambo hayakwenda hivyo, na kwamba ukiikosea sura ya kwanza ya maisha ya mchezaji utakuwa umemkosea mchezaji mzima. Ndiyo maana toleo hili lote tumelitoa kwa miaka ya mwanzo ya wanamichezo, kabla hawajajulikana, wakati ambapo hata wao hawakujua yatakayowafika.

Msomaji wetu wa Nairobi au Kampala anaijua raga ya watu 15 na ile ya watu saba. Hii ya watu 13 ilizaliwa kwa mzozo wa mishahara. Tarehe 29 Agosti 1895, klabu zaidi ya 20 za kaskazini mwa Uingereza zilikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield zikajitenga na chama kikuu. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani. Mechi za Jumamosi ziliwakatia ujira wa siku, na klabu zikataka ziruhusiwe kuwafidia. Wakubwa wa London wakakataa, maana kwao raga ilikuwa mchezo wa ridhaa na anayelipwa kuucheza ameuchafua. Kuanzia hapo, na kwa karibu miaka mia moja, aliyetia saini upande wa watu 13 alifungiwa maisha upande wa watu 15. Ilikuwa safari isiyo na tiketi ya kurudi, na Boston aliijua sheria hiyo vizuri kabla hajashika kalamu.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1934 katika mtaa wa bandari wa Cardiff uliojulikana kama Tiger Bay. Baba yake alikuwa baharia kutoka Sierra Leone, mama yake mwenyeji wa hapo, na yeye alikuwa mtoto wa sita kati ya 11. Cardiff iliyakusanya mataifa yote yaliyofanya kazi kwenye meli za makaa ya mawe: Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi, wa visiwa vya Karibi. Mwimbaji Shirley Bassey alizaliwa mtaani humo humo miaka mitatu baadaye, na Joe Erskine, bingwa wa ndondi za uzito wa juu wa Uingereza mwaka 1956, alikuwa rafiki wa Boston tangu utotoni. Aliyekulia Kibokoni au Malindi ya Unguja haoni ajabu kwamba mtaa mmoja wa bandari unaweza kutoa watu wa aina hiyo.

Boston alicheza CIACs, klabu ya mtaani iliyopokea watu wa rangi zote, akachezea timu za vijana za Wales, kisha akaonekana katika jezi ya klabu ya Neath. Shabaha yake haikuwa siri. Alitaka kuichezea klabu ya Cardiff, na kutoka hapo timu ya taifa. Uwanja wa Cardiff Arms Park ulikuwa unafikika kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Klabu ya Cardiff haikumwita, ingawa si kwamba hawakuwahi kumsikia: kijana anayevaa jezi ya Wales ya vijana hafichiki katika mji ule. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwakataa watu weusi, na hapo ndipo watetezi wa wakati ule hupenda kujishikiza. Lakini hawakuhitaji kanuni. Ilitosha barua ya mwaliko isiandikwe, na Wales haikuwa na mchezaji mweusi katika timu yake kubwa ya watu 15 mpaka miaka ya 1980.

Jeshi ndilo lililomtangaza. Akiwa katika utumishi wa lazima, katika kikosi cha mawasiliano kilichokuwa kambi ya Catterick, alifunga trai sita katika fainali ya Kombe la Jeshi mwaka 1953. Mwaka huo huo, mwezi Machi, wajumbe wa Wigan walifika nyumbani kwao wakati yuko likizo.

Habari ya mezani pale tunataka isomwe polepole. Wajumbe walitandaza pauni 1,000 kwa noti za pauni tano. Ilikuwa fedha ambayo familia ya baharia yenye watoto 11 haikuwahi kuiona mahali pamoja. Boston hakutaka, bado alikuwa anaisubiri Cardiff. Mama yake, akitafuta njia ya kistaarabu ya kuwaondoa wageni, akasema mwanawe atatia saini kwa pauni 3,000. Aliamini watabeba noti zao waende. Wakakubali papo hapo. Mama alikuwa ametoa neno na hakulirudisha. Boston akatia saini, na baadaye mwenyewe akasimulia kwamba alilia. Mkataba ulifanywa siri kwa muda, maana habari zingevuja angepoteza mara moja haki ya kucheza raga ya ridhaa jeshini.

Tuwekeni basi matukio kwa mpangilio wake. Kwanza Cardiff walinyamaza, kisha Wigan wakaja, kisha mama akataja bei ya kuwafukuza, kisha bei ikalipwa. Mwenye kusema kwamba fedha ndiyo iliyomtoa kijana huyu Wales ameanza kusoma kutoka ukurasa wa tatu. Fedha ilifanya kazi yake, hatukatai, na pauni 3,000 zilitosha kununua nyumba. Lakini ilimkuta kijana ambaye mlango wake wa kwanza ulikuwa umekaa umefungwa bila mtu kueleza kwa nini.

Yaliyofuata yalikwenda kasi ya kutisha. Mechi yake ya kwanza katika timu ya akiba ya Wigan ilivuta watu zaidi ya 8,000, umati ambao klabu nyingi zingefurahi kuupata kwa timu ya kwanza. Novemba 1953 akaingia timu kubwa dhidi ya Barrow. Alipokuwa amecheza mechi sita tu katika timu hiyo, akachaguliwa kwenda na Uingereza katika ziara ya Australia na New Zealand ya mwaka 1954. Alikuwa na miaka 19, mdogo kuliko wote, na mchezaji mweusi wa kwanza kuchukuliwa katika ziara hiyo. Alirudi na trai 36 katika mechi 18, rekodi ya ziara.

Huyo wa kwanza alikuwa na mtangulizi aliyenyimwa nafasi. Roy Francis, Mwelshi mweusi kama yeye, aliichezea Uingereza mwaka 1947, lakini ziara ya Australia ya 1946 ilimpita pembeni, katika siku ambazo nchi ile ilikuwa na sera ya kuwazuia watu wasio weupe. Francis akageuka kocha, na akiwa Hull mwaka 1961 alimpokea kijana mwingine wa Cardiff, askari aliyefanyiwa upasuaji mara kadhaa utotoni hata ikahofiwa kwamba hatatembea sawasawa. Kijana alicheza mechi ya majaribio jina lake likiwa limefichwa, akafunga trai tatu. Alikuwa Clive Sullivan. Mwaka 1972 ndiye aliyekuwa nahodha Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia. Unapoona watoto wa bandari moja wanapanda treni ile ile ya kaskazini, kizazi baada ya kizazi, huwezi tena kusema kila mmoja alikwenda kwa tamaa yake.

Wala kaskazini haikuwa pepo, tusije tukajenga uongo mwingine mahali pa ule wa kwanza. Mwaka 1957, baada ya Kombe la Dunia lililochezwa Australia, Uingereza na Ufaransa zilipanga mechi za maonyesho Afrika Kusini ya ubaguzi. Boston alirudi nyumbani, wenzake wakaenda kucheza. Mchezo uliojivunia kumfungulia mlango ulikubali kwenda mahali ambapo yeye asingeweza kuingia nao.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu makala za wasifu katika magazeti yetu ya michezo zina ugonjwa huo huo. Mchezaji alizaliwa mahali fulani, alipenda mpira tangu mdogo, akaonekana na skauti, akafaulu. Nani hakumwona kabla ya skauti? Nani nyumbani alizungumza na wenye fedha, na alisema nini? Mkataba wa kwanza ulikuwa wa kiasi gani, na ulimfunga wapi? Mkenya Lucas Onyango, winga, aliwahi kucheza raga ya watu 13 kule Widnes na Oldham, katika mchezo ule ule wa Boston. Ni habari ambayo gazeti la Kiswahili lingepaswa kuwa limeiandika zamani, kuanzia Nairobi na si kuanzia alipotua Uingereza.

Waandishi wa toleo hili tuliwapa sharti moja: makala iishie pale umaarufu unapoanza. Baadhi walinung'unika, na mmoja alituomba aya ya ziada kwa ajili ya medali. Tulimnyima. Msomaji mwenye mkataba wa zamani, picha ya timu ya shule au barua ya klabu, ya kukubaliwa au ya kukataliwa, na awe mchezaji mwenyewe au mzazi wake, atuletee nakala. Zile za kukataliwa tunazihitaji zaidi.