Muanda: Gesi inachomwa bure, mikoko inageuka makala

Usiku, mtu akiwa Muanda, jimbo la Kongo Central, anaona mwangaza wa gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta. Asubuhi, katika mji huo huo, mama anawasha makala ili apikie watoto. Sehemu ya makala hayo imetoka katika mikoko, miti ambayo sheria inakataza kukata. Shida ya Mbuga ya Mikoko iko hapo.

Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1992, kwenye mdomo wa mto Kongo. Ni mbuga ya pekee ya RDC inayogusa bahari, maana pwani yetu ni ya kilometa 40 hivi tu. Mwaka 1996, iliingia pamoja na Virunga katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye umuhimu kwa dunia, ikiwa na hektari 66,000. Msomaji wa Goma anajua vita vya makala ndani ya Virunga. Huko magharibi hali ni ile ile, mbele ya bahari.

Mkoko unaota ndani ya matope, mahali maji ya chumvi yanakutana na maji ya mto. Samaki wadogo wanajificha na kukomaa katikati ya mizizi yake. Lamantini wanaishi humo, na kasa wanapanda kwenye mchanga wa pwani kutaga mayai. Mvuvi anayekata mkoko leo ili akaushe samaki anaharibu mahali ambapo samaki wa kesho wangezaliwa.

Wazee wa Muanda wanakumbuka pwani iliyokuwa mbali zaidi na nyumba. Bahari imekula udongo, na nyumba zimeanguka nao. Wakati huohuo watu wanaongezeka. Januari 2022, Rais Félix Tshisekedi aliweka jiwe la msingi la bandari ya Banana, pembeni kabisa ya mbuga. Bandari italeta kazi, na ni jambo jema. Lakini kila jamaa mpya itahitaji moto wa kupikia, na mti ulio karibu zaidi ni mkoko.

Walinzi wa ICCN wanaweza kukamata mtumbwi uliojaa kuni. Hawawezi kupikia mji mzima. Kukataza bila kutoa njia nyingine ni kumwadhibu maskini tu.

Mafuta yanatolewa Muanda tangu miaka ya 1970. Serikali na jimbo wanapashwa kudai kwamba sehemu ya gesi hiyo itiwe katika chupa na kuuzwa kwa bei ambayo mwenye kuuza samaki anaweza kulipa. Wapande pia miti ya kuni inje ya mbuga, mbele ya bandari kufunguliwa. Gesi inayowaka kila usiku inatosha kuonyesha kwamba Muanda haikosi moto. Inakosa uamuzi.