Siku Moja ya Mume na Mke Kisiwani Mbudya

Ndugu msomaji, ukisimama ufukoni Kunduchi asubuhi ambayo haina ukungu, utakiona kisiwa cha Mbudya mbele yako, kimetulia juu ya maji kama jahazi lililotia nanga. Ukienda Msasani utakiona Bongoyo. Wengi wetu tulio wakazi wa Dar es Salaam tumeviona visiwa hivi tangu utotoni, lakini ni wachache waliokwisha kuukanyaga mchanga wake, na wachache zaidi waliowahi kutia uso majini wakatazama kilichomo. Mgeni hutoka Ulaya, akasafiri maelfu ya kilomita, ili aje akitazame kitu ambacho sisi tunaweza kukifikia kwa basi na boti, tukarudi nyumbani kabla ya jua kuchwa.

Leo napenda tuzungumze juu ya matembezi ya namna hiyo, nayo ni matembezi ya mume na mke. Yafaa tuseme kweli kuhusu Jumapili zetu. Aghalabu mume akishamaliza chai hutoka kwenda barazani kwa wenzake au kutazama mpira. Mke hubaki na nguo za kufua, au huenda kuwajulia hali wagonjwa. Juma zima wawili hao huzungumza, lakini mazungumzo yenyewe ni kodi ya nyumba, ada ya shule na bei ya mkaa. Miaka hupita bila ya kukaa pamoja siku moja kama walivyokuwa wakikaa siku za uchumba. Ndoa haifi kwa ugomvi tu. Hufa pia kwa kukosa nafasi.

Wapo jirani zangu wawili waliofunga ndoa miaka 12 iliyopita. Mume ni fundi katika karakana ya magari, mzaliwa wa Ukerewe, na tangu utoto wake ameogelea ziwani. Mke ni karani, mzaliwa wa Dodoma, na hadi mwaka huo alikuwa hajapata kuingia katika maji yaliyompita magoti. Walidunduliza akiba kidogo kidogo, wakawaacha watoto kwa shangazi yao, wakaenda Mbudya Jumapili moja ya mwezi wa Februari. Walichagua vema, maana huo ni wakati ambapo pepo za kaskazi zimeanza kulegea na masika hayajaanza. Kusi likivuma bahari huchafuka, na mvua za masika zikinyesha mito hushusha tope hata maji ya pwani yakawa kama chai ya maziwa. Mwenye kutaka kutazama chini ya maji hana budi kuujua msimu wake.

Mbele ya boti yalizuka mabishano ya kwanza. Nahodha alitoa majaketi ya kuelea. Mume akacheka.

"Mimi nimekulia majini, mama watoto. Jaketi la nini?"

Mke akajibu kwa upole, "Basi mimi nitavaa langu, baba watoto, na lako litakaa hapa likikungoja."

Chombo cha kutazamia chini ya maji si kitu cha ajabu. Ni miwani mikubwa ya kioo inayofunika macho na pua, pamoja na mrija wa kupumulia unaoshikwa kwa meno, ambao ncha yake hubaki juu ya maji. Mtu huelea kifudifudi, akapumua kwa kinywa taratibu. Kioo kisipate ukungu, hupakwa mate kwa ndani kisha kikasuuzwa. Maji yakiingia mrijani, hupulizwa kwa nguvu mara moja nayo hutoka. Mtu asidhani kwamba mrija ukirefushwa ataweza kupumua huku amezama kina kirefu. Maji yana uzito, nayo hukibana kifua hata mapafu yakashindwa kuvuta hewa. Ndiyo sababu mrija ni mfupi, na kazi yake ni kumtumikia mtu aliye juu ya maji.

Mume alimfundisha mkewe mahali ambapo maji yalifika kiunoni. Kwa muda wa nusu saa mama yule alitia uso na kuutoa, akatia na kuutoa. Mume hakumharakisha wala hakumcheka, na hilo naliandika hapa kwa sifa yake. Hatimaye mke aliachia miguu, akaelea huku ameshikwa mkono, akakaa kimya. Alipoinua kichwa neno lake la kwanza lilikuwa, "Kumbe vyote hivi vilikuwa hapa siku zote?"

Alikuwa amewaona vitatange wenye milia ya manjano na nyeusi, na vijisamaki vya buluu vikiingia na kutoka katika matawi ya matumbawe. Kila kitu kilionekana kikubwa na cha karibu, kwa sababu mwanga upitao majini na kuingia katika kioo hupinda, hata kitu kikaonekana kimekua kwa theluthi moja hivi. Alikuwa amemwona pia pono. Sote tumepata kumwambia mtu mwenye usingizi mzito kwamba analala kama pono, lakini ni wangapi kati yetu wanaomjua pono mwenyewe? Mchana ni mchapakazi. Ana mdomo mgumu kama wa kasuku, nao huutumia kukwangua mwani juu ya mwamba na kusaga chembe za tumbawe, na kinachotoka upande wa pili ni mchanga safi. Sehemu ya mchanga mweupe tunaoukalia ufukoni ilikwisha kupita tumboni mwa pono. Usiku uingiapo, baadhi ya jamii za pono hujitengenezea mfuko wa ute, wakalala ndani yake hadi kupambazuke. Waliotunga msemo wetu walikuwa wamemtazama kwa makini.

Tumbawe nalo, ambalo wengi wetu tunalijua kama jiwe la kuchomea chokaa, si jiwe tangu mwanzo. Ni mji wa wanyama wadogo mno, ambao kila mmoja hujijengea chumba cha chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani wasioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Bahari ikipata joto kupita kiasi ushirika huo huvunjika; mwani hutoka, tumbawe hugeuka jeupe, na joto likidumu hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipokufa. Joto la namna hiyo lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Matumbawe ya mviringo, yale makubwa kama meza, hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Mguu mmoja uliokanyaga ovyo waweza kuvunja kazi iliyoanza kabla ya mwenye mguu kuzaliwa.

Na si miguu tu. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku na sheria ya mwaka 1970, lakini kwa miongo mingi baadaye mlipuko uliendelea kusikika katika pwani yetu. Baruti huua samaki mkubwa na mdogo bila kuchagua, na kuuacha mwamba ukiwa kifusi ambacho hakiwezi tena kuwalea wengine. Ni kuanzia mwaka 2016 hivi, msako ulipozidi, ndipo milipuko ilipopungua sana. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na ndiyo maana mgeni hulipa kiingilio na haruhusiwi kuvua wala kuokota. Siku ile mume aliibuka na kauri kubwa yenye madoa, akisema itapendeza kando ya redio. Nahodha akamwambia, "Ndugu yangu, humo ndani yumo mwenyewe." Kauri ikarudishwa ilikotoka.

Baada ya chakula cha mchana ndipo lilipotokea jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mume alisema anakwenda kutazama ukingo wa mwamba, mbali kidogo. Jaketi lake lilikuwa bado botini. Mke alibaki kwenye maji ya kiunoni, lakini hakuacha kumtazama. Alikuwa akimlinganisha na boti iliyotia nanga. Kwanza mume alikuwa karibu na boti. Kisha akawa mbali nayo. Uso wake ulielekea ufukoni na mikono ilikuwa ikipiga maji, wala hakuwa akipiga kelele, lakini kila mke alipotazama, nafasi kati ya mtu na boti ilikuwa imeongezeka.

Mama yule hakupiga mayowe, wala hakujitosa kumfuata mumewe. Alitoka majini, akamwendea nahodha akamwambia, "Kaka, mume wangu anaogelea kuja, lakini anakwenda." Nahodha alitazama mara moja tu, akang'oa nanga. Walipomfikia mume na kumtupia boya, alikuwa amechoka hata kujibu hawezi. Alipandishwa, akakohoa maji, akakaa kimya hadi Kunduchi. Usiku, watoto walipokwisha kulala, ndipo alipomwambia mkewe, "Mama watoto, kule kwetu ziwa halipwi."

Hapo ndipo lilipo somo. Mtu aliyejifunza kuogelea Ziwa Victoria amejifunza vema, lakini katika maji ambayo hayana kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji pale Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Maji yote hayo hayana budi kupita mahali, na mahali penyewe ni kwenye milango ya miamba na kwenye ncha za visiwa. Mtu hodari hawezi kushindana nayo. Wahenga walisema bahari haiishi zinge, na hawakuwa wakiwaambia waoga tu.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji mtakaokwenda, shikeni haya machache. Mwulizeni nahodha saa za maji kabla ya kupatana nauli, na chagueni siku za maji mafu, wakati mikondo ina upole. Ingieni maji yanapokaribia kujaa, wala si yanapopwa kwa kasi. Kila mmoja avae jaketi, ajuaye na asiyejua. Msiingie baada ya kunywa pombe. Mkondo ukikuchukua, usipigane nao. Elea, inua mkono, kisha ogelea kwa kuukata ubavuni. Asiwepo mtu wa kujaza pumzi nyingi kwa haraka haraka ili azame kwa muda mrefu, kwani anaweza kuzimia chini bila onyo. Vaeni fulana yenye mikono, maana jua huunguza mgongo wa mtu anayeelea bila yeye kuhisi. Lakini kanga na kitenge viacheni mchangani, kwani vikilowa huwa vizito na kufunga miguu. Vaeni viatu vya mpira kwa ajili ya vile vidude vyeusi vyenye miiba kama nungunungu. Msiguse kitu msichokijua.

Na jambo lililo kubwa kuliko yote: msiingie majini peke yenu, na aliye nje asimwondolee macho aliye ndani. Mwenye mrija kinywani hawezi kusema, wala hawezi kuita. Patananeni ishara za mikono mkiwa bado nchi kavu: hii ni salama, hii ni njoo, hii ni nisaidie. Wako watakaosema kwamba asiyejua kuogelea hana kazi baharini. Jirani yangu yu hai leo kwa sababu ya mtu asiyejua kuogelea, ambaye alijua kutazama na kujua wakati wa kusema.

Naambiwa kwamba wawili hao wamekwisha kurudi Mbudya mara mbili. Mke sasa huelea bila kushikwa mkono, na mume huvaa jaketi kabla ya kuambiwa. Safari ijayo wanakusudia kumchukua binti yao mkubwa, ili ajifunze kuelea angali mdogo. Huo ni mfano wa kuigwa na kila nyumba iliyo karibu na bahari hii. Si wote tutakaokuwa na nauli ya boti mwezi huu, lakini kila mzazi anaweza kumpeleka mwanawe kwenye maji ya kiunoni, siku ya maji mafu, akamfundisha kulala chali na kutulia. Anzeni na hilo, na visiwa vitawangojea.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema, nyote wawili.