Taa ya Injini na Maarifa ya Vijana Wetu

Katika njia ya tope itokayo Butembo, mashariki mwa Kongo, kwenda Kasugho, gari likianza kukohoa na taa ya injini ikawaka, desturi yetu ni kubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine, kwa gharama ya mwenye gari, hadi maradhi yapatikane kwa bahati; nami naiona desturi hiyo kuwa dhuluma, maadamu kompyuta ya injini imekwisha kuweka ushahidi wake.

Mathalani, katika Toyota nyingi za petroli zilizoundwa kabla ya 1996, kijana akiunganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 ya kisanduku cha uchunguzi, kisha akafungua swichi pasipo kuwasha injini, taa huweza kuwaka mara mbili, ikatulia, ikawaka tena mara tano: ndiyo namba ya kosa 25, yaani hewa imeizidi petroli. Hapo asikimbilie kununua sensa. Atazame kwanza mpira wa hewa uliopasuka, au chujio lililozibwa na uchafu wa petroli ya madumu.

Walakini kuisoma kompyuta si kuigeuza; kugeuza hesabu zake za kupima petroli kwataka hadhari kubwa. Petroli huhitaji hewa yapata mara 14.7 ya uzito wake ili iungue sawasawa, na mwenye kuipunguza petroli hiyo kwa tamaa ya akiba, gari likipanda mlima na shehena, huenda akaziunguza pistoni.

Nawasihi basi walimu wa ufundi wa Butembo na Beni wawafundishe vijana kuisoma kompyuta kabla ya kushika spana, na wenye magaraji wawaruhusu kujizoeza jioni kwa injini kuukuu zilizolala uani.