Kabla Hujaambiwa Waifai Imekufa



Ndugu msomaji, mama mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, alitujia na kompyuta mpakato aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kijana wake, anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, aliiwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, kwani msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba, 2025, na mashine ile haikuweza kubeba toleo jipya. Kompyuta ikawa nyepesi, lakini waifai ikatoweka. Fundi akasema kadi imekufa, inunuliwe nyingine. Fedha pekee iliyokuwamo ndani ilikuwa ada ya madrasa ya mdogo wake.

Kadi haikuwa imekufa. Ilikosa kiendeshi tu.

Ubuntu, ambayo jina lake maana yake ni utu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Waweza kuinakili na kumpa jirani bila kudhulumu haki ya mtu, jambo lisilopatikana katika nakala za wizi. Lakini baadhi ya kadi za waifai, hasa za Broadcom katika mashine za zamani, huhitaji kiendeshi kinachomilikiwa na kampuni yenyewe. Huenda kisiwekwe pamoja na mfumo, nacho hufuatwa kwenye intaneti. Basi mtu hutakiwa kuwa na intaneti ili apate intaneti! Hapo wengi hukata tamaa.

Njia ni hii. Kwanza, hakikisha swichi ya waifai iliyo ubavuni au kwenye kibodi haikuzimwa. Pili, unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu ruhusu kushiriki intaneti kwa USB. Kompyuta itaipokea kama mtandao wa waya. Tatu, fungua sehemu iitwayo Additional Drivers, chagua kiendeshi kilichopendekezwa, thibitisha, kisha washa kompyuta upya. Ukiombwa kutunga neno la siri la Secure Boot, liandike mahali. Utaulizwa kwenye skrini itakayotokea kompyuta inapowaka, na ukiipuuza, kiendeshi hakitafanya kazi.

Ikiwa yote yameshindikana, ndipo ufikirie kadi ndogo ya kuchomeka kwenye USB. Nayo uulize kwanza kama inakubaliana na Linux.

Kijana alifuata hatua hizo mbele ya mama yake, na waifai ikarejea. Ada ikafika madrasa.

Nanyi ndugu zetu mafundi, mali ya mteja ni amana, na mali ya yatima ni amana nzito zaidi. Kusema “sijui, ngoja nitazame” si aibu. Aibu ni kumtoza mjane gharama ya kutojua kwetu.

Wabillahi tawfiq.