Maiti Haulizwi Mtaro

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, leo sina shairi. Nina ugomvi.

Ulianzia hapa hapa Chemchem, Tabora, jioni moja baada ya mvua. Tumekaa kwenye benchi la muuza kahawa. Mtaro umeziba kwa chupa za plastiki, maji meusi yanapanda barabarani, mama vitumbua kahamisha jiko lake mara mbili. Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Angekuwepo Mwalimu, haya tusingeyaona." Kabla hajameza funda lake, jamaa mmoja wa chuo akadakia: "Mzee wangu shikamoo, lakini si huyo huyo Mwalimu ndiye aliyezivunja halmashauri? Miji imeoza tangu hapo." Basi, kijiwe kikagawanyika kambi mbili, makelele mpaka isha. Nikauchungulia mtaro. Chupa zilikuwa pale pale.

Umeona mambo hayo, msomaji? Watu kumi na wawili wazima, akili timamu, wanabishana juu ya mtaro, na mshitakiwa ni yule yule anayeombwa aje kuokoa. Naye alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Wengine pale kijiweni walikuwa hawajazaliwa.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Mimi naongeza: wala haulizwi mtaro.

Sisemi kwamba yule wa chuo kadanganya. Mwalimu Nyerere ni wetu, Tabora inamjua. Alisoma hapa kuanzia 1937, akafundisha St. Mary's, na hapa hapa Januari 1958 TANU iliamua kuingia kwenye ule uchaguzi wa kura tatu. Kwa hiyo tuna haki ya kumsema kama ndugu. Mwaka 1972 serikali yake ilileta Madaraka Mikoani. Jina tamu! Lakini mabaraza ya kuchaguliwa yakavunjwa, wakaletwa maofisa kutoka juu. Madaraka yalifika mkoani kweli, yakaishia mezani kwa ofisa. Mtaani hayakushuka. Miji ikakosa mwenyewe, taka zikarundikana, na kabla miaka ya 1970 haijaisha kipindupindu kikawa kimeshabisha hodi. Ndipo mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa, na mwaka 1982 ikatungwa Sheria Na. 8 ya mamlaka za miji.

Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kama angeanza upya kuna mambo mawili asingeyarudia: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Mshitakiwa amekiri kosa, amerekebisha, ndipo akang'atuka 1985. Bado mnataka nini kwake? Azibue na mtaro?

Na wewe mzee wangu, kwa heshima zote, nikuulize: Mwalimu yupi unamtaka arudi? Yule wa 1972 aliyeamini mji unaweza kuendeshwa kutoka juu, au yule wa 1984 aliyekiri kwamba haiwezekani? Maana hiyo "angekuwepo" yako ni ugonjwa ule ule wa 1972. Unangoja mkubwa ashuke na fagio.

Na mkubwa mmoja alishuka nalo kweli. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru, akasema siku hiyo ni ya usafi, naye akaonekana anaokota taka kwa mikono yake. Kipindupindu kilikuwa kimerudi nchini. Watu wakafagia, picha zikapigwa. Swali langu ni dogo tu: je, tarehe 10? Baadaye, Januari 2021, alikuja kuzindua mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa ajili ya Tabora, Nzega na Igunga. Miezi miwili haijatimia, tarehe 17 Machi, akafariki. Tukalia. Machozi hayajakauka, kijiwe kikapata wimbo mpya: "Angekuwepo Magufuli..."

Hebu tutenganishe mambo. Bomba la kutoka ziwani linataka rais. Ni mamia ya kilomita na mkopo wa India. Hilo sawa. Lakini mtaro wa hatua arobaini unataka rais wa nini?

Wenyewe wapo, na wako hai. Sheria imeipa halmashauri ya mji kazi ya taka, mifereji na masoko. Kuna diwani, kuna mtendaji, kuna mwenyekiti wa mtaa. Na tusiwaonee hao wadogo peke yao, tutazame na mfuko. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Tukashangilia, hatukuuliza pengo litazibwa na nini. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikapelekwa TRA, na 2021 ikaanza kukatwa kwenye LUKU. Kwa hiyo unaponunua umeme unalipia jengo, hela inapanda juu, na mtaro unabaki chini. Swali la kumwuliza mbunge na diwani ndilo hilo: kinachopanda kinashuka kiasi gani, na kinashukia wapi? Kila mwaka Mkaguzi Mkuu anatoa ripoti ya halmashauri zote. Nani pale kijiweni ameifungua? Marehemu hawezi kujibu maswali hayo. Walio hai wanaweza, tena wanafurahi sana tunapomuuliza marehemu.

Najua utakaloniambia. "Kaka, kura zenyewe ziko wapi? 2019 wapinzani si walijitoa, mitaa mingi jina likabaki moja?" Nakubali, na hilo ni deni la walioendesha uchaguzi ule, na wao pia wana majina. Lakini mkutano wa mtaa si siku ya kura. Nilipowauliza wale kumi na wawili nani analijua jina la mwenyekiti wa mtaa wake, wakanyoosha wawili. Nani amewahi kuingia mkutanoni akaomba asomewe mapato na matumizi? Kimya. Na mimi nilikuwa nimekaa kimya vile vile.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapofika kwenu, waandishi wenzangu. Kila Oktoba tunamwandikia Mwalimu mashairi ya kumlilia. Mimi mwenyewe nimeandika matatu, vina safi, mizani imekaa. Mnajua kwa nini yanaandikika? Kwa sababu marehemu hakuiti ofisini. Hana shemeji mtaani atakayekununia. Kuandika kwamba mtaro huu haujazibuliwa, anayehusika ni huyu, na hela yake ilipaswa kutoka hapa, hiyo kazi inatoa jasho. Tumeuita woga wetu heshima kwa waliotangulia.

Sisi ni wajukuu wa wapagazi. Mwaka 1873 akina Chuma na Susi na wenzao walipita hapa Unyanyembe na maiti ya Livingstone mabegani. Walimfikisha pwani, wakamkabidhi, mzigo ukatuliwa. Hawakukaa na maiti miaka ishirini wakimwuliza njia. Na sisi wetu tulishamzika, kule Butiama, kwa heshima zote. Tumtue.

Mkutano ujao wa mtaa nitakwenda, na daftari langu. Shairi la Oktoba litasubiri. Njooni tukae benchi moja, na yule mzee naye nitampitia nyumbani kwake.