Nani Ameshika Daftari la Majina?

Kila serikali inapofunga mtandao wa kijamii, au tajiri mmoja anapoununua, mitandao iliyogatuliwa hupata wateja wapya. Huvutwa na ahadi ya jina: kwamba huko jina lako ni lako, hakuna mkubwa wa kukunyang'anya. Wapinzani nao wana hoja zao. Nyingi, za pande zote mbili, hazisimami zikibanwa.

Tuanze na inayopendwa: Mastodon, mmojawapo wa mitandao hiyo, haina mwenyewe, kwa hiyo jina halifutiki. Ni kweli haina makao makuu ya kukufungia. Lakini jina lako kule lina sehemu mbili, lako na la seva, na la seva ni kikoa cha kawaida kinacholipiwa ada. Februari 2024 seva ya queer.af ilizimika kwa sababu Afghanistan, yaani serikali ya Taliban, ilisimamisha kikoa chake. Waendeshaji walishapanga kuifunga Aprili, maana hawakutaka kuendelea kuwalipa Taliban. Hata hiyo miezi miwili hawakuachiwa. Julai 2023, Mali iliporudisha mikononi mwake vikoa vya .ml, seva ya fmhy.ml, iliyokuwa ya mtandao ndugu wa Lemmy, nayo ilipoteza anwani yake. Mastodon inakuruhusu kuhama na wafuasi, ila machapisho yanabaki nyuma, na seva ya zamani lazima iwe hai ili itangaze kwamba umehama. Aliyezimwa ghafla ndiye mwenye haja ya kuhama, na ndiye asiyeweza.

Hapo mashabiki wa blokucheni hudakia: yaandikwe kwenye mnyororo, Taliban watayafikiaje? Kiufundi wana hoja. Mwaka 2001 Zooko Wilcox alidai kwamba jina haliwezi kuwa na sifa tatu kwa pamoja: kusomeka na binadamu, kuwa salama, na kutotegemea mamlaka moja. Namecoin, sajili ya majina iliyo kwenye mnyororo, ikaja 2011 kuonyesha kwamba inawezekana, na ikaonyesha pia kinachofuata. Watafiti wa Princeton walipoichambua mwaka 2015, katika majina kama 120,000 yaliyosajiliwa walikuta 28 tu yanayotumika kweli; mengi ya yaliyobaki walanguzi walishayavamia. Isitoshe, vivinjari vingi havisomi majina ya mnyororo bila mlango wa katikati. Mlango mmojawapo wa majina ya .eth ulikuwa eth.link, kikoa cha kawaida kabisa, na mwaka 2022 muda wake uliisha huku aliyekisajili, Virgil Griffith, yuko gerezani Marekani.

"Basi usiwe na jina, uwe na ufunguo." Huo ndio msimamo wa mtandao wa Nostr, ulioanza 2020. Nakubali kwamba hakuna anayeweza kukufutia ufunguo. Ila ukiibiwa ufunguo wa siri, mwizi ni wewe daima, kwa sababu Nostr haina njia iliyokubaliwa na wote ya kubadili ufunguo ukabaki na wafuasi wako. Mwandishi ambaye simu yake imechukuliwa na polisi hahofii kufutwa tu, anataka pia aweze kusema, "Yule si mimi tena."

Kuna wanaosema mtandao wa Bluesky ni Twitter iliyopakwa rangi. Hii inataka subira, maana nusu yake ni kweli. Bluesky imetenganisha kitambulisho na jina. Kitambulisho, DID, ni msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka; jina ni kikoa kilichofungamanishwa nao. Ukinyang'anywa kikoa unaweka kingine, na wafuasi hawaondoki kwa kuwa tangu mwanzo hawakufuata jina. Lakini karibu DID zote ziko kwenye sajili moja, PLC, iliyoanzishwa na kampuni yenyewe. Je, si yale yale? Si kabisa. Kila badiliko hutiwa saini kwa ufunguo, hivyo mwenye sajili ni kama karani wa ardhi asiye na muhuri: anaweza kukataa kupokea hati yako, hawezi kughushi nyingine kwa jina lako. Tatizo liko pengine, na wakosoaji wengi hulipita: kwa kawaida mtumiaji huiachia kampuni hata hizo funguo. Unaweza kuongeza wako wenye cheo cha juu zaidi, na likifanyika badiliko usilolitaka una saa 72 za kulitengua. Sidhani waliofanya hivyo ni wengi.

Aprili 2025, kwa matakwa ya Uturuki, Bluesky ilificha akaunti 72 zisionekane nchini humo. Hazikufutwa, na programu nyingine za itifaki ile ile zisizofuata alama za udhibiti za Bluesky ziliweza kuendelea kuzionyesha. Twitter haikuwa na mwanya huo.

Wengine husema mtu mwema haogopi kusajiliwa na serikali. Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016, na miongoni mwa mashtaka aliyosomewa Dar es Salaam lilikuwamo la kuendesha kikoa kisichosajiliwa Tanzania. Katika shtaka hilo halikutajwa neno alilochapisha mtu yeyote. Kilichoshtakiwa ni anwani kutoishia na .tz.

Ya mwisho: serikali ikikata intaneti, haya yote ni bure. Ni kweli jina halipitishi ujumbe. Ila kufungiwa njia si kunyang'anywa jina. X, yaani Twitter ya zamani, ilipofungwa Tanzania Mei 2025, wenye VPN waliendelea kuandika kwa majina yale yale, ingawa tangu Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilishataka hata watumiaji wa VPN wajitaje. Kwa Mastodon mamlaka ingekuwa na kazi ndefu zaidi: kuzisaka seva moja baada ya nyingine, zikiwamo zile zinazoendeshwa na mtu mmoja kwenye kompyuta ndogo nyumbani kwake.