Mnyama akikaribia nyumba ni mtihani, si ruhusa

 

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa dogo, nalo ni uwindaji wa paa, hasa pongo, kwa upinde na mshale pembezoni mwa mji wetu wa Kigoma Ujiji, katika vilima vilivyo juu ya makazi na katika mabonde ya mashamba.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa kuamkia Ijumaa, jirani alituletea mguu wa pongo. Watoto walifurahi, nasi tukasema bismillahi tukala. Asubuhi yake kijana aliyeuleta akatusimulia kwa fahari kwamba mnyama yule alipigwa mshale wa paja wakati wa magharibi, akatoroka na mshale wake, na kesho yake akaokotwa amekwisha kufa ndani ya maji ya kijito. Tulinyamaza kimya. Sisi tunaosomesha mlango wa uwindaji katika darsa hatukuuliza swali hata moja kabla ya kunyoosha mkono.

Kwa nini tulinyamaza? Kwa sababu swali hilo lilikwishajibiwa. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimfundisha Adiy bin Hatim (RA) kwamba akirusha mshale wake amtaje Allah. Akimpata mnyama baada ya siku moja au mbili, na hana alama ila ya mshale wake, anaweza kula. Lakini akimkuta ameanguka majini asile, kwani hajui ni maji au ni mshale uliomuua. Pongo wetu alikuwa ni yule yule wa majini.

Wala tusieleweke vibaya. Asili ya kuwinda kwa upinde ni halali. Swahaba walikuwa warusha mishale hodari, na Qur'ani Tukufu imeruhusu mawindo. Lakini halali hii ina mipaka, na mipaka hiyo huwa migumu zaidi pale mawindo yanapokuwa mlangoni mwa watu. Katika Suratul Maida, aya ya 94, Allah (SW) anawaambia walioamini kwamba atawajaribu kwa baadhi ya mawindo yanayofikiwa na mikono yao na mikuki yao, ili ajulikane ni nani anayemuogopa kwa ghaibu. Wafasiri wanaeleza kuwa haya yalitokea mwaka wa Hudaybiya. Waislamu walikuwa katika ihram, na wanyama wakawajia mpaka kwenye mahema yao. Mnyama alikuwa karibu, mkono ulikuwa na uwezo, na mtu hakuonekana na mwenziwe. Ukaribu ule haukuwa ruhusa, bali ulikuwa mtihani.

Ni kweli kwamba sisi hapa Kigoma hatumo katika ihram. Lakini mafunzo ya aya hayajatuacha. Upinde hauna mlio. Bunduki ikilia mtaa mzima husikia, ama mshale hausikiki na jirani wala askari. Ndiyo maana anayewinda kando ya mji huupenda, na ndiyo maana uwindaji wake unapima khofu yake ya ghaibu kuliko uwindaji wa aina nyingine yoyote.

Sasa tuutazame mshale wenyewe. Mshale huua kwa kumwaga damu, na usipopenya mahali pa moyo au mapafu, mnyama hukimbia mbali kabla ya kuanguka. Porini mwindaji hufuata damu. Kando ya mji atafuata wapi? Damu huingia katika shamba la mihogo la mtu mwingine, kisha katika kichaka kilicho nyuma ya nyumba ya mtu wa tatu, na giza linaingia. Pongo aliyejeruhiwa hana woga, hugeuka na kushambulia kwa pembe. Katika mashamba hayo wapo kina mama wanaochimba mihogo na watoto wanaookota kuni. Na mshale uliokosa shabaha hauishii hewani, huanguka mahali fulani, na pengine mahali hapo ni njia ya wanafunzi.

Mtume wetu (SAW) alikwishalizungumza hili. Katika Hadithi ya Abu Musa (RA) aliagiza kwamba anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwa ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Ndugu zangu, ikiwa mtu anayepita tu na mishale mahali pa watu ameamrishwa aishike ncha, je, yule anayeirusha mahali pa watu atasema nini?

Mnyama naye ana haki yake. Tumefundishwa kuwa Allah ameandika ihsani katika kila kitu, na kwamba achinjaye anoe kisu chake ampumzishe mnyama wake. Ibn Umar (RA) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, aliwakumbusha laana ya Mtume (SAW) juu ya anayefanya hivyo. Kijana anayejifunza kulenga kwa kuwatoboa paa wanaokwenda kufa vichakani asijidanganye kuwa yuko mbali na laana hiyo.

Na upinde mara nyingi hauendi peke yake. Huambatana na mtego wa waya na sumu ya mshale. Aya ya tatu ya Suratul Maida imemtaja waziwazi mnyama aliyekufa kwa kunyongeka kuwa ni haramu, na waya hunyonga. Tena waya hauchagui. Jirani yetu upande wa kaskazini ni hifadhi ya Gombe, iliyofanywa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, ambako wanaishi sokwe. Waya uliotegwa kwa ajili ya pongo humkata mkono sokwe vile vile. Ama sumu, wanazuoni wengi wamesema kuwa ikishirikiana na mshale katika kuua, mnyama huyo haliwi.

Wapo vijana wanaotuambia kwamba hata Marekani watu huwinda kulungu kwa upinde kandokando ya miji yao. Ni kweli, lakini tuitazame sababu. Huko mbwa mwitu waliokuwa wakiwala kulungu walimalizwa katika majimbo mengi, kulungu wakazidi, wakawa wanagongana na magari na kumaliza bustani. Ndipo baadhi ya miji ikaruhusu upinde kwa vibali, misimu na masharti. Kwetu paa hawajazidi. Wazee wa Ujiji wanakumbuka pongo wakionekana mahali ambapo leo pana nyumba tupu. Ruhusa ya anayepunguza kilichozidi haimfai anayemaliza kilichobaki.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inawahesabu wanyamapori kuwa mali ya umma, inataka leseni kwa mwindaji, na inakataza sumu na mitego. Mali ya umma ni amana, na anayeichukua kwa siri amechukua fungu la watu asiowajua, na la watoto ambao hawajazaliwa. Anayetamani nyama hiyo, kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Hata huko Muislamu aulize mnyama alichinjwaje.

Hatusemi haya kwa kusahau njaa. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya nyama ya porini katika kambi za wakimbizi za kaskazini magharibi ya nchi yetu, ikaeleza kuwa nyama hiyo iliitwa mchicha wa usiku, kwa kuwa ilipikwa giza likiingia. Watu wale walipewa chakula kisicho na nyama. Jina hilo ni la huzuni, na linatulaumu sisi tuliokuwa na mbuzi na kuku kabla ya kumlaumu aliyepika. Mkulima naye ana malalamiko ya kweli pale nyani na nguruwe pori wanapomaliza mihogo yake. Huyo apeleke shauri kwa serikali ya kijiji na maofisa wanyamapori wa wilaya, nasi tuwe pamoja naye, asiachwe peke yake na upinde wake.

Tunaweza kuvumilia, na tumekwishavumilia. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi ili dagaa na migebuka wazaliane. Ilikuwa miezi mizito. Lakini mwalo ulielewa kuwa kisichopumzishwa huisha. Ikiwa tumeweza kumwachia dagaa nafasi, pongo mmoja aliyebaki juu ya kilima hatushindi.

Kwa hiyo nasaha zetu kwa familia ni tatu. Wazazi, msiwaache vijana wawinde karibu na makazi, hata wakisema upinde ni wa kuchezea. Kina mama, ambao sufuria ziko mikononi mwenu, nyama ikija usiku ulizeni imetoka wapi, imekufaje, na imechinjwa na nani. Kuuliza si utovu wa adabu kwa jirani. Na sisi masheikh tuulize kabla ya wote, kwani kosa la mwenye elimu huigwa na wengi.

Mtume (SAW) aliufanya Madina kuwa mji mtukufu ambao mawindo yake hayafukuzwi, na Abu Hurayra (RA) alisema kuwa lau angewaona paa wakila malisho ndani yake asingewashitua. Kigoma si Madina, na hukumu ya Madina ni yake. Lakini tumejifunza kuwa mji wa Waislamu unaweza kuwa mahali ambapo paa anakula majani bila kushituliwa, na mji huo usipungukiwe na kitu.

Tunamuomba Allah atusamehe tulichokula bila kuuliza, atupe riziki ya halali iliyo wazi, na atujaalie tumuogope pale ambapo hakuna anayetuona. Aamin. Wabillahi tawfiiq.